Matunda ya Msimu, Migahawa na Matembezi: Mgeni wa Miji Pacha Atunze Vipi Afya Yake?

Leo tunaongea na wewe uliyefika Minnesota hivi karibuni, iwe umetokea Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu, Kampala au kambi ya Kakuma. Tunaongea pia na wewe uliyekwisha kukaa hapa miaka kadhaa na sasa suruali ulizokuja nazo hazifungi tena.

Kuna jambo ambalo watafiti wa afya wameliona mara nyingi katika nchi hii. Wahamiaji wengi hufika Marekani wakiwa na afya nzuri kuliko wenyeji, lakini kadiri miaka inavyopita faida hiyo huyeyuka. Uzito hupanda, presha hupanda, sukari nayo hupanda. Inakuja polepole, na wengi hugundua siku wanapoambiwa na daktari kwamba kisukari kimeshaingia.

Sababu yake si uvivu. Wengi wetu hapa tunafanya kazi mbili. Ila fikiria ulivyokuwa unaishi nyumbani. Ulitembea hadi kituo cha daladala au matatu, ulikwenda sokoni kwa miguu, na embe lilikuja lenyewe msimu wake ulipofika. Jua lilichomoza saa 12 na kuzama saa 12 mwaka mzima. Hapa unatoka mlangoni unaingia kwenye gari. Unakaa usiku kucha kazini katika nyumba ya wazee, ukiwa na njaa unanunua soda na chipsi kwenye mashine. Kisha inakuja baridi ya miezi 5 na unajifungia ndani. Mwili ni ule ule, lakini mazingira yaliyokuwa yakiutunza hayapo tena.

Kwa hiyo ushauri wetu leo ni mmoja. Nyumbani afya ilijitunza kwa kiasi kikubwa bila wewe kujua. Huku inabidi uipangie, na njia rahisi ya kuipangia ni kufuata kalenda ya mahali hapa: ujue utakula wapi na vipi, tunda gani linaiva lini, na utatembea wapi wakati wa joto na wakati wa baridi. Tuyachukue moja baada ya jingine.

1. MIGAHAWA: KULA CHA NYUMBANI, ILA IJUE SAHANI YAKO

Habari njema ni kwamba Miji Pacha haina shida ya chakula chetu. Jamii ya Wasomali wa Minnesota ndiyo kubwa kuliko zote Marekani, na wengi wao walipitia Kenya kabla ya kufika hapa. Usishangae ukisalimia kwa Kiswahili mgahawani na kujibiwa kwa Kiswahili safi.

Pa kuanzia ni mtaa wa Cedar-Riverside, karibu na Chuo Kikuu cha Minnesota, na barabara ya Lake Street upande wa kusini wa Minneapolis. Karibu na Lake Street ndipo lilipo jengo la Karmel Mall, lenye maduka na vibanda vya chakula vya Kisomali. Kwenye Lake Street yenyewe kuna Midtown Global Market, soko la ndani lililofunguliwa mwaka 2006 katika jengo la zamani la Sears, ambako unakuta vyakula vya mataifa mengi chini ya paa moja. Afro Deli, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Abdirahman Kahin, imewafundisha hata Wamarekani weupe kula sambusa. Ukitaka nyama choma na vyakula vya Kenya, ulizia upande wa kaskazini, Brooklyn Park na Brooklyn Center, wanakoishi Wakenya wengi.

Sasa tuje kwenye afya. Sahani ya kawaida ya mgahawa wa Kisomali ina mlima wa wali, kipande kikubwa cha nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Wakati mwingine nusu ya wali hubadilishwa kwa tambi. Chai inakuja ikiwa tayari imetiwa sukari. Chakula ni kitamu, na hatukuambii ukiache. Lakini hesabu: wali ni wanga, tambi ni wanga, ndizi ina sukari, chai ina sukari. Mtu aliyelima tangu asubuhi anaweza kukichoma chakula hicho chote. Wewe uliyekaa kwenye kiti saa 8 huwezi.

Fanya hivi:

- Sahani moja kuleni wawili, au omba kifungashio mapema na uweke nusu kabla hujaanza kula. Ukisubiri ushibe kwanza, hakitabaki kitu.
- Omba saladi au kachumbari badala ya tambi. Wengi watakubali bila kuongeza bei.
- Omba chai isiyo na sukari, kisha utie mwenyewe. Hapo ndipo utajua ulikuwa unakunywa sukari kiasi gani.
- Supu inayotangulia inywe, inapunguza njaa, ila kama una presha kumbuka kwamba mara nyingi ina chumvi nyingi.
- Sambusa moja ni kionjo. Sambusa 4 ni mlo kamili wa mafuta.

Usibaki kwenye chakula cha kwenu tu. Migahawa ya Kihabeshi, iliyopo Minneapolis na Saint Paul, ina vyakula vinavyomfaa sana mtu wa presha au kisukari: dengu, shiro ya kunde zilizosagwa, na mboga za majani zinazofanana na sukuma wiki. Unga wa tefu unaotengenezea injera husagwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana una nyuzinyuzi nyingi, ingawa injera nyingine huchanganywa na ngano. Waislamu na Wakristo wanaofunga nyama watapata humo chakula cha kutosha bila wasiwasi.

Jambo moja kuhusu ugali. Unga mweupe unaouzwa katika maduka mengi hapa umeondolewa kiini na pumba, kama sembe ya nyumbani. Ukipata unga wa mahindi yasiyokobolewa, yaani dona, nunua huo. Unashibisha kwa muda mrefu na haupandishi sukari kwa haraka kama sembe.

Na soda? Kopo moja la kawaida la mililita 355 lina gramu 39 hivi za sukari, sawa na vijiko vya chai 9 au 10. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mwanamke asizidishe vijiko 6 vya sukari ya kuongezwa kwa siku, na mwanamume vijiko 9. Kopo moja tu limemaliza hesabu yote ya siku. Kama kuna badiliko moja utakalofanya baada ya kusoma makala hii, liwe hili: acha soda, kunywa maji. Maji ya bomba ya Minneapolis na Saint Paul yanapimwa na kusafishwa, huna haja ya kununua ya chupa. Kama jengo lako ni la zamani sana, uliza kama mabomba yake ni ya risasi, hasa ukiwa na mtoto mdogo au mjamzito.

2. MATUNDA: MINNESOTA NAYO INA MSIMU WAKE

Wageni wengi huona tunda la dukani halina ladha, wanaliacha kabisa. Embe la Januari limevunwa likiwa bichi na kusafirishwa maelfu ya kilomita, kweli haliwezi kufanana na embe la Tanga. Dawa yake ni kula tunda linaloiva karibu nawe wakati huo. Kalenda iko hivi:

- Katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Julai: stroberi. Msimu ni mfupi, wiki 3 hivi tu.
- Julai na Agosti: rasiberi na bluberi.
- Mwisho wa Julai hadi Septemba: mahindi mabichi na nyanya.
- Agosti na Septemba: tikiti maji na matikiti mengine, pamoja na plamu.
- Mwisho wa Agosti hadi Oktoba: matufaha, yaani yale tunayoita maepo.
- Oktoba: maboga ya kila aina.
- Desemba hadi Machi: machungwa kutoka Florida na California. Hapa hayaoti, lakini huo ndio msimu wake na bei hushuka.
- Machi hadi Julai: maembe madogo ya manjano kutoka Mexico. Haya ndiyo yanayokaribia zaidi ladha ya nyumbani. Subiri ngozi ianze kukunjamana kidogo ndipo ule.

Epo ndilo tunda la fahari ya jimbo hili. Aina maarufu ya Honeycrisp ilizalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Mwaka 2006 lilifanywa tunda rasmi la jimbo, baada ya wanafunzi wa shule ya msingi ya mji mdogo wa Bayport kulipigania bungeni. Honeycrisp huiva Septemba. Kabla yake huja Zestar, na baadaye huja Haralson, lenye uchachu, ambalo watu hulipenda kwa kupikia. Katika mashamba mengi yanayozunguka Miji Pacha unaruhusiwa kuchuma mwenyewe, kwa mfano Afton Apple Orchard karibu na Hastings, au Aamodt's karibu na Stillwater. Piga simu kwanza uulize kilichoiva. Watoto waliozaliwa hapa wanadhani tunda hutoka kwenye mfuko wa plastiki, wapeleke waone mti.

Pa kununulia kwa bei nafuu:

Soko la wakulima la Saint Paul, mtaa wa Lowertown, huuza mazao yaliyolimwa na wakulima wa karibu tu. Lile la Minneapolis, lenye vibanda vyekundu pale Lyndale, lipo mahali hapo tangu mwaka 1937. Katika masoko yote mawili wauzaji wengi ni Wahmong kutoka Laos, ambao nao walikuja kama wakimbizi. Kwao utapata sukuma wiki, karela, pilipili kali, na vilele vya majani ya maboga ambavyo Mmarekani wa kawaida hajui kama vinaliwa. Huna haja ya Kiingereza kingi, nyoosha kidole tu. Ukifika karibu na muda wa kufunga, bei hupungua. Wakati wa baridi, nenda Hmongtown Marketplace kwenye Como Avenue au Hmong Village, zote za Saint Paul, ambazo ziko ndani ya majengo.

Kwa ndizi za kupika, mihogo, mapapai na parachichi, nenda maduka ya Wamexico ya Lake Street. Mercado Central, ushirika wa wafanyabiashara wa Kilatino, upo hapo tangu mwaka 1999.

Kama unatumia kadi ya EBT, usipite soko la wakulima ukidhani ni la matajiri. Masoko mengi ya Minnesota yana mpango uitwao Market Bucks: unapotumia kadi yako, unaongezewa kiasi kile kile hadi dola 10 kwa siku hiyo ya soko. Ukitumia 10, unanunua vitu vya 20. Nenda kwenye kibanda cha maelezo kabla hujaanza kununua. Akina mama walio kwenye mpango wa WIC waulize kuhusu hati za matunda na mboga.

Mambo manne ya kukumbuka kuhusu matunda:

Kwanza, tafuna, usinywe. Juisi ya embe, hata ya kukamua nyumbani, imeondolewa nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Mwenye kisukari anaweza kula tunda, kiasi cha ngumi yake kwa mara moja. Juisi ndiyo ya kuogopa.

Pili, matunda yaliyogandishwa si duni. Yamevunwa yakiwa yameiva na virutubisho vyake vimebaki. Nunua yale yasiyoongezwa sukari, utakula bluberi Februari kwa bei ndogo.

Tatu, kama unatumia dawa za presha au za kolesteroli, muulize mfamasia kuhusu balungi. Tunda hilo huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa hizo, na dawa hujikusanya mwilini kupita kiasi. Wenye ugonjwa wa figo nao waulize kuhusu ndizi na machungwa.

Nne, unaweza kulima. Manispaa nyingi zina bustani za jamii ambazo unapewa kipande cha ardhi kwa ada ndogo. Umande unaoganda kwa kawaida huisha katikati ya Mei, hivyo panda mchicha na majani ya kunde mwishoni mwa mwezi huo. Kulima ni mazoezi, na mboga ni yako.

3. MATEMBEZI YA MAJIRA YA JOTO

Wataalamu wanashauri mtu mzima atembee kwa kasi au afanye mazoezi ya kiasi hicho kwa dakika 150 kila wiki. Watu husikia hivyo wakafikiria ada za jimu. Hapa huna haja nazo. Ziwa Bde Maka Ska la Minneapolis lina njia ya miguu kulizunguka yenye urefu wa kilomita 5 hivi. Ukitembea kwa kasi unamaliza kwa dakika 50 hadi 60. Mizunguko 3 kwa wiki, umemaliza deni lako. Jina hilo ni la lugha ya Kidakota, na wazee wa hapa bado huliita Lake Calhoun, jina la zamani. Jirani yake ni Lake Harriet, fupi kidogo na lenye kivuli zaidi.

Kama huna gari, panda treni ya Blue Line, iliyoanza kazi mwaka 2004. Inapita Cedar-Riverside na Lake Street, kisha inafika kituo cha 50th Street karibu na bustani ya Minnehaha. Ndani yake kuna maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 16. Beba chapati, matunda na maji, tandika mkeka, familia ishinde hapo. Hakuna kiingilio.

Ukitaka kutoka nje ya mji, mbuga za jimbo hutoza ada ya gari kwa siku, au kwa mwaka mzima. Mara 4 kwa mwaka kuna siku za bure. Maktaba nyingi pia huazimisha kibali cha gari cha siku 7, unakichukua kama unavyochukua kitabu. Fort Snelling ipo karibu na uwanja wa ndege. Taylors Falls, kwenye mto St. Croix, ni mwendo wa saa moja hivi.

Na mara moja kila mtu wa Ziwa Victoria aende Duluth, mwendo wa saa 2 na nusu kuelekea kaskazini. Hapo ndipo linapoanzia Ziwa Superior, kubwa kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani kwa eneo, likiwa na kilomita za mraba 82,000 hivi. Victoria letu ni la pili. Tahadhari tu: maji yake ni baridi kwa maana zote mbili. Ukiendelea mbele kwa barabara ya 61 utafika maporomoko ya Gooseberry, ambako unaweza kuegesha kwenye kituo cha wageni bila kulipia kibali.

Hatari ambazo mgeni hazijui:

- Maji. Wengi wetu hatujui kuogelea, na maziwa ya hapa huwa na kina cha ghafla. Mtoto asiingie majini bila boya la kuvaa na mtu mzima anayemtazama muda wote. Chagua ufuo wenye mwokoaji. Jiandikishe mafunzo ya kuogelea, hata ukiwa na miaka 40. Yapo ya akina mama peke yao pia, uliza.
- Kupe. Kupe wadogo wa msituni wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, hasa kuanzia Mei hadi Julai. Vaa suruali ndefu, na ukirudi kagueni miili yenu, nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Ukiona alama nyekundu inayotanuka, nenda hospitali upesi.
- Samaki. Kuvua kunahitaji leseni. Baadhi ya samaki wa maziwa ya hapa wana zebaki. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wafuate mwongozo wa Idara ya Afya ya Minnesota kabla ya kula samaki wa kuvua.

4. MATEMBEZI YA MAJIRA YA BARIDI

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Desemba mchana hauzidi saa 9. Anayefanya kazi usiku anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona jua. Mambo mawili hutokea.

La kwanza ni upungufu wa vitamini D. Mwili huitengeneza kwa jua kwenye ngozi, lakini katika jimbo lililo mbali hivi kaskazini, jua la miezi ya baridi halina nguvu ya kutosha. Ngozi nyeusi huhitaji jua kwa muda mrefu zaidi, na anayevaa mavazi ya kufunika mwili hupata kidogo zaidi. Dalili zake ni maumivu ya mifupa na misuli, na uchovu. Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku, na mwenye zaidi ya miaka 70 yuniti 800. Mtoto anayenyonya apewe matone ya yuniti 400. Kunywa maziwa yaliyoongezwa vitamini D, kula dagaa wa kopo au samaki aina ya salmoni, na mwombe daktari akupime kabla ya kumeza vidonge vikubwa.

La pili ni huzuni ya baridi. Mtu analala sana, anakula sana vitu vitamu, hataki kuonana na watu, anaacha kwenda msikitini au kanisani. Hii si kurogwa, na wala si udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika kwa mwanga, mazungumzo na dawa. Mwambie daktari. Ukifikia hatua ya kuona maisha hayana maana, piga simu namba 988, saa yoyote, bila malipo. Unaweza kuomba mkalimani.

Kwa hiyo usijifungie. Sehemu za kutembea bila kuganda ni hizi:

Como Park Conservatory, Saint Paul. Ni nyumba kubwa ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1915, ndani kuna joto na unyevu kama wa Pwani, na mimea ya nchi za joto kama minazi na migomba. Kiingilio ni hiari yako. Ukiwa na hamu ya nyumbani mwezi Februari, kaa humo saa moja tu uone moyo unavyotulia. Bustani ya wanyama iko pale pale.

Mall of America, Bloomington, mwisho wa Blue Line. Watu wengi huenda kutembea asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Kuzunguka ghorofa moja ni zaidi ya nusu maili, karibu kilomita moja. Zunguka mara 4, kisha ondoka kabla harufu ya vitumbua vya Kimarekani haijakukamata.

Njia za juu za Minneapolis, zinazounganisha majengo ya katikati ya mji kwa zaidi ya maili 9. Na Minneapolis Institute of Art, jumba la sanaa lisilotoza kiingilio, lina sehemu nzima ya kazi za Afrika. Waonyeshe watoto.

Hata nje panawezekana. Vaa nguo tabaka tatu, kofia, glavu na viatu vyenye meno, utembee mchana dakika 20. Upepo ukiwa mkali sana, ngozi iliyo wazi huganda ndani ya nusu saa au chini ya hapo, hivyo sikiliza utabiri kwanza. Na ukiona watu wanatembea juu ya ziwa, usiwafuate tu. Barafu ya kutembelea inatakiwa iwe na unene wa sentimita 10 angalau, nayo hailingani kila mahali.

5. PIMA, USIKISIE

Presha na kisukari havina maumivu mwanzoni. Mtu anaweza kutembea navyo miaka bila kujua, mpaka figo au macho yaharibike. Kila mtu mzima apime presha angalau mara moja kwa mwaka. Hapa Marekani, ikifika 130 juu au 80 chini mara kwa mara, tayari inahesabiwa kuwa ya juu. Kwa sukari, omba kipimo cha A1C, kinachoonyesha wastani wa miezi 3. Chini ya 5.7 ni salama. Kati ya 5.7 na 6.4 ni onyo, na hapo ndipo chakula na matembezi tuliyoyataja vinaweza kukurudisha nyuma. Kuanzia 6.5 ni kisukari.

Usiseme huna bima. Zipo kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato chako, kwa mfano People's Center pale Cedar-Riverside, CUHCC, na NorthPoint kaskazini mwa Minneapolis. Na mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa zikupatie. Usimtumie mtoto wako wa miaka 10 kukutafsiria habari za figo zako. Mtoto ataficha lile baya, au hataweza kulisema.

Ndugu msomaji, hatukukutaka ubadilishe maisha yote kwa siku moja. Wiki hii acha soda, na ule tunda moja la msimu kila siku. Jumamosi ijayo wachukue watoto mwende ziwani, au Como kama ni baridi. Mwezi ujao nenda ukapime presha na A1C, na umchukue jirani yako mliyekuja naye. Wazee wetu nyumbani wanangoja simu yako kila Jumapili, na wanaotegemea unachotuma ni wengi. Wanakuhitaji ukiwa mzima.

Makala hii ni ya kuelimisha tu na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Kama una ugonjwa wa moyo, kisukari au una mimba, zungumza naye kabla ya kuanza mazoezi mapya au kubadilisha chakula. Tukutane tena katika safu ijayo. Kila la heri.